Mageuzi ya wafanyakazi yaanzie masjala

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni afisa wa wafanyakazi katika idara moja ya umma hapa Mombasa, huu mwaka wangu wa sita kazini. Nimetiwa kwenye kamati ya watu saba ya kurekebisha usimamizi wa wafanyakazi. Mshauri aliyeletwa ametupa mpango: kwanza kuandikisha watu wote kwa alama za vidole, kisha fomu mpya za kupima utendakazi, kisha kupunguza watu. Wafanyakazi wameshasikia, na chama kimeshaandika barua. Tuna vibarua wa miaka tisa, tuna kaimu wa miaka minne, na tuna watu ambao hakuna anayejua hasa kazi yao ni ipi. Juu ya hayo, juzi mkubwa wangu amenipa orodha ya watu 38 wapya wa kandarasi niitie sahihi kabla kamati haijaanza kazi. Nianzie wapi? (Afisa, Kisauni)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukuitaja idara yako na umefanya vyema, nami sitaibahatisha. Nitajibu kana kwamba ni ya serikali ya kaunti, kwa kuwa huko ndiko nyuzi zilikofungana zaidi. Ikiwa ni shirika la serikali kuu, badilisha jina la bodi ya ajira nitakayoitaja na mengi yaliyobaki yatakufaa vilevile.

Mpango wa mshauri wako umeanzia mwisho. Alama za vidole zitakwambia huyu ni nani. Hazitakwambia aliajiriwa na nani, kwa barua gani, kwenye nafasi ipi, wala kama nafasi hiyo ipo. Hayo yamo katika mafaili, au yalipaswa kuwamo. Kwa hivyo anza masjala, palipowekwa mafaili hayo.

Najua masjala si neno la kumfurahisha mtu. Ni chumba cha nyuma chenye vumbi, na karani hupelekwa huko akikosana na wakubwa. Mimi nilipelekwa 1991 kwa kosa la kumwuliza bwana mmoja mbona barua ya mpwawe haina namba ya kumbukumbu. Nikakaa miaka mitatu. Nilidhani nimeadhibiwa, kumbe nimepelekwa chuo. Mtu akikaa masjala hujua taasisi ilivyo, kwani huona barua ambazo hazikuandikwa.

Na ndipo yaliponikuta mageuzi ya kwanza, yale ya 1993, serikali ilipoanzisha mpango wa kurekebisha utumishi na kuwapa watu kiinua mgongo wastaafu mapema kwa hiari. Palikuwa na foleni hadi nje ya ofisi. Walioondoka upesi ni mafundi, wahasibu, wapima ardhi, watu waliokuwa na pa kwenda. Waliobaki ni waliojua kwamba nje hawana pao. Mmoja katika wenzangu alinunua matatu ya kwenda Mtwapa ikamfia mwaka wa pili, akarudi kwenye ofisi ileile kama kibarua, akifanya kazi ileile kwa malipo ya siku. Kwenye vitabu tulikuwa tumepunguza mtu mmoja. Ndiyo sababu nikisikia mshauri anaanza na kupunguza kabla hajajua nani anafanya nini, tumbo lanisokota.

Sasa kazi yenyewe. Unahitaji orodha nne, na kila moja itengenezwe na watu tofauti wasioonyeshana. Ya kwanza ni ya nafasi: idara ina nafasi ngapi zilizoidhinishwa, za cheo gani. Watanzania wana neno zuri kwa hili, ikama. Sisi huku twaliita kwa Kiingereza kilichovunjika, na labda ndiyo maana twalisahau. Katika kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeipa Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi. Mkurugenzi hana mamlaka hayo, wala waziri wa kaunti, wala mheshimiwa wa wadi. Kwa hivyo nafasi isiyo na uamuzi wa bodi nyuma yake haipo, hata kama kuna mtu amekaa kwenye kiti chake anakunywa chai. Orodha ya pili ni ya mafaili, ya tatu ni ya mishahara, na ya nne ni ya watu waliohesabiwa kwa macho.

Hii ya nne ndiyo wengi huiharibu. Huitisha watu ukumbini kwa wiki nzima, leo idara hii, kesho ile. Katika mji wenye feri hilo ni kosa. Mtu aliyehesabiwa Changamwe asubuhi aweza kuhesabiwa Likoni alasiri kwa kitambulisho cha nduguye. Hesabuni vituo vyote siku moja, saa moja, na muwafuate watu walipo badala ya kuwaita. Wanaofagia Kongowea wahesabiwe alfajiri, wakati soko limechangamka. Wa zamu ya usiku wahesabiwe usiku. Wa zimamoto wahesabiwe kituoni. Walio masomoni na walio likizo ya uzazi waandikwe mapema kwa barua, la sivyo mtawaita hewa, yaani majina yanayolipwa bila mtu, watu walio hai. Na kila anayehesabiwa aje na kitambulisho, barua ya kuajiriwa na hati ya mshahara ya mwezi uliopita. Anayekosa barua apewe siku za kuitafuta, asitishwe papo hapo. Wengi wamepoteza kwa mafuriko na kuhamahama nyumba za kupanga, na masjala yenyewe ndiyo iliyopaswa kuwa na nakala.

Hapo kuna jambo ambalo mshauri wa kutoka mbali hatalijua. Majina ya watu wetu. Ita Fatma Ali ukumbini uone watakaoitika. Mohamed huandikwa kwa herufi za namna nne, na mtu mmoja anaweza kuwa na namna tatu kati ya hizo: moja kwenye kitambulisho, nyingine kwenye cheti cha shule, ya tatu kwenye akaunti ya benki. Kompyuta itakuletea orodha ndefu ya watu wa kutiliwa shaka, na nusu yao watakuwa wazee waliosilimu, au waliosajiliwa na karani asiyejua matamshi ya huku. Msilinganishe kwa majina. Linganisheni kwa namba ya kitambulisho na namba ya mfanyakazi. Tarehe za kuzaliwa nazo zina fujo yake, hasa tangu 2009 umri wa kustaafu ulipotoka miaka 55 ukawa 60. Ghafla watu wakawa wadogo. Kamata tarehe aliyoiandika mwenyewe siku ya kwanza ya ajira, ushikilie hapo.

Mkishakuwa na orodha nne, ziwekeni sambamba. Mtakuta anayelipwa bila faili. Mtakuta mwenye faili nzuri asiyelipwa tangu mwaka juzi, kwa kuwa jina lake liliruka mfumo ulipobadilishwa naye akawa anaona haya kulalamika. Mtakuta anayelipwa, mwenye faili, ila hayupo kituoni na hakuna aliyewahi kumwona. Huyo ndiye mfanyakazi hewa wa kweli, na nakwambia kwa uzoefu, hewa haijiandikishi yenyewe. Kuna mtu ndani, mwenye nywila ya mfumo, anayejua benki na anayejua siku. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hivyo kabla ya kuhesabu wafagiaji, hesabuni wanaoweza kuingiza jina kwenye mishahara. Wakiwa zaidi ya wawili watatu, na anayeingiza ndiye anayeidhinisha, mmeshapata ugonjwa. Kisha ulizeni kama kuna malipo yanayopita nje ya mfumo, kwa karatasi za mkono. Msimamizi wa Bajeti amezilalamikia kaunti kwa jambo hilo ripoti baada ya ripoti. Mshahara unaolipwa kwa karatasi hauachi alama, na ndiyo raha yake kwa anayeupenda.

Vyeti navyo vikaguliwe, lakini kwa kuwaandikia waliovitoa, Baraza la Mitihani na vyuo vyenyewe, wala si kwa kuvitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Tume ya Utumishi wa Umma ilipotoa matokeo ya ukaguzi wake Februari 2024, vyeti ghushi vilipita 2,000. Msijifanye kwenu hakuna.

Ukisikia bado wataka alama za vidole, sizikatai. Zije baada ya haya, zikiwa kufuli ya mlango uliokwisha kutengenezwa. Na mkumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za mwili wa mtu kuwa nyeti. Mtahitaji kuwaambia watu mwazitakia nini, zinawekwa wapi, na nani anazifikia. Kampuni iliyoleta mashine isiondoke nazo kwenye kompyuta yake.

Kwa nini nang'ang'ania karatasi hivi? Kwa sababu mwisho wa njia kuna hakimu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapahapa Mombasa, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inasema mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha anachodai mfanyakazi humwangukia mwajiri. Faili tupu ni ushahidi wa mfanyakazi. Taasisi za umma hupoteza kesi nyingi kwa kukosa faili, huku zikiwa na haki.

Nije kwa vibarua wako wa miaka tisa. Hili lanisikitisha, kwani wengi wa hao nawajua kwa sura, kama si wa idara yako basi wa nyingine. Mtu anafanya kazi kila siku, anavaa sare ya idara, na kila mwisho wa mwezi mwamwambia yeye ni wa siku. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo hakikubali mchezo huo: kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimiza mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kama aliyeajiriwa kwa mwezi, na haki zake hufuata hapo. Soma vizuri, ingawa: hakimfanyi awe wa kudumu mwenye pensheni. Kwa hivyo msiwatishe kwamba watafukuzwa, wala msiwaahidi yasiyo yenu kuahidi. Fanyeni hesabu ya kazi ngapi kati ya hizo ni za kila siku, mpeleke bodi ombi la kuanzisha nafasi hizo, zitangazwe, nao washindane huku uzoefu wao ukihesabiwa. Watakaokosa mtaachana nao kwa taratibu za kifungu cha 40, ambacho kinataka chama na afisa wa kazi wajulishwe angalau mwezi mmoja kabla, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mkurugenzi wa fedha atasema ni ghali. Mwambie alinganishe na kesi.

Bado kuna tabaka la zamani zaidi. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabaraza ya mitaa yakaondoka na Baraza la Manispaa ya Mombasa likawamo. Kaunti ikajikuta na watu wa namna tatu katika korido moja: waliotoka baraza, waliohamishwa kutoka wizara za serikali kuu kama ya afya na kilimo, na wapya walioajiriwa na kaunti yenyewe. Wizara zilipanga vyeo kwa herufi, A chini ikipanda juu. Mabaraza yalipanga kwa namba, na namba ndogo ndiyo kubwa. Mikataba tofauti, mifuko ya pensheni tofauti, marupurupu tofauti. Hapa ndipo panapozaliwa chuki unayoiona bila kujua jina lake. Mkaguzi wa soko aliyetoka baraza anakaa dawati moja na mwenziwe wa wizara, kazi moja, na mmoja amepanda mara mbili ilhali mwingine amekwama palepale kwa kuwa kazi yake haina muundo wa utumishi, yaani ngazi za kupanda cheo, ulioandikwa. Hakuna fomu ya kupima utendakazi itakayomfanya huyo wa pili atabasamu. Ukitaka kamati yako iaminiwe, mtafute yeye na wenziwe, mwainishe kazi zao, mzipeleke bodi zipangwe upya kwa mlingano mmoja. Mishahara yenyewe mtapata ushauri kwa Tume ya Mishahara na Marupurupu. Hamuwezi kujiamulia chumbani.

Kaimu wa miaka minne ni kisa cha namna nyingine. Watu hudhani kaimu anapendelewa. La, kaimu ameshikwa shingo. Kiti si chake, aweza kuondolewa kwa simu, hivyo hawezi kukataa jambo. Anayependa mambo yapite bila maswali humpenda kaimu kuliko mwenye cheo kamili. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 imeweka ukomo wa miezi sita, na hata pale isipokubana moja kwa moja, ni kipimo kizuri cha kujipimia. Andikeni orodha ya makaimu wote na tarehe walizoanza, mwipeleke bodi, mkiomba nafasi zitangazwe. Mkifanya hilo moja tu mwaka huu, mtakuwa mmegusa mageuzi kuliko slaidi zote za mshauri.

Zikitangazwa, Katiba, Ibara ya 232, inataka ushindani wa haki na ustahili, pamoja na nafasi sawa kwa jamii zote, wanawake na watu wenye ulemavu. Ile Sheria ya Serikali za Kaunti nayo yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasiotoka katika jamii iliyo nyingi. Utaambiwa vitu hivi viwili vinapigana. Havipigani mkitangaza kwa upana. Hupigana tangazo likibandikwa kwenye ubao wa ofisi Ijumaa saa kumi na moja jioni na mwisho wa maombi ukawa Jumatatu.

Fomu za utendakazi sitazikalia sana. Kenya ilianza kandarasi za utendakazi 2004 kwa mashirika 16 ya umma, na zilileta faida zake pale ambapo mkubwa alijua anapimwa kwa nini. Kwa mtu wa chini, ambaye hajawahi hata kupewa barua ya majukumu yake, fomu huwa kazi ya jioni moja Juni: kila mtu ajipa alama, bosi atia sahihi, yaishia kabatini. Mpeni kwanza barua ya majukumu. Mafunzo nayo yaje pale pengo limeonekana. Chuo cha Serikali kina kampasi Matuga, ng'ambo ya feri, lakini msiwapeleke watu huko kwa ajili ya posho.

Kuhusu hofu ya kupunguzwa: iambieni kamati iandike, kwa lugha ya Kiswahili ambayo mfagiaji ataisoma, kwamba hesabu hii haiondoi mtu kazini. Ikiwa hamuwezi kuandika hivyo kwa kuwa si kweli, basi msihesabu bado. Kiti kimoja cha kamati mpeni mwakilishi wa chama, na aketi tangu siku ya kwanza badala ya kuitwa kuidhinisha. Ukweli ni kwamba gharama ya mishahara ni mzigo: kanuni za fedha za 2015 zinataka mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato yake yote, na kaunti nyingi zimepita hapo. Lakini pesa nyingi huvuja kwa hewa, kwa malipo maradufu, na kwa vyeo visivyo na kazi. Zibeni hayo ndipo mzungumze juu ya watu. Na atakayepatikana na kosa, Ibara ya 236 ya Katiba inamlinda asifukuzwe wala kushushwa cheo bila utaratibu wa sheria: aandikiwe aeleze, asikilizwe katika lugha anayoielewa akiwa na mwenziwe au mwakilishi wa chama, na akitoridhika aweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Hata kama nyote mwajua ameiba.

Nimeiacha mwisho ile orodha ya watu 38, na naona ndiyo iliyokunyima usingizi. Usiitie sahihi. Usigombane pia. Mwombe mkubwa wako, kwa adabu na kwa maandishi, vitu vitatu: uamuzi wa bodi ulioanzisha nafasi hizo, tangazo lililotolewa, na uthibitisho kwamba pesa zake zimo katika bajeti. Akikuletea, orodha ni halali na utaitia sahihi kwa mkono mkunjufu. Akikwambia hayo yatakuja baadaye, mjibu kwa maandishi vilevile kwamba utaisubiri bodi. Ibara ya 226 ya Katiba inasema afisa wa umma anayeelekeza au kuidhinisha pesa za umma zitumike kinyume cha sheria atailipa hasara hiyo mwenyewe, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Mkubwa wako aweza kuhamishwa kesho, na sahihi ikabaki yako.

Barua hiyo usimkabidhi mkononi. Ipitishe masjala, ipigwe muhuri wa tarehe, iandikwe kwenye daftari la barua zilizopokewa, na wewe ubaki na nakala yako yenye muhuri. Kisha mwambie karani wa hapo, kwa salamu zangu, kwamba ataanza kupata wageni.